Habari za Kuzingiwa kwa Ngome ya Toledo, Mwaka 1936

Katika kijitabu hiki cha Jubilei habari nyingi ni za jimbo letu wenyewe: misioni za kwanza, makatekista wa kwanza, na makanisa ya udongo yaliyotangulia makanisa ya mawe. Kazi ya kuzikusanya imetufundisha jambo moja, nalo ni kwamba wazee wawili waliosimama mahali pamoja siku ile ile waweza kusimulia habari mbili, wala hakuna kati yao aliyekusudia kusema uongo. Kwa hiyo tumeona vema kuwawekea wasomaji wetu, na hasa walimu wanaofundisha historia shuleni, habari moja ya nchi ya mbali ambayo watu wameigombania tangu mwaka 1936. Ni habari ya ngome ya Toledo, katika Hispania, iliyozingiwa zaidi ya siku 60 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Imeandikwa katika vitabu vingi, na mwaka 1940 Waitalia waliifanyia sinema. Walioisimulia kwa machozi ni wengi, na walioicheka ni wengi vilevile.

Toledo ni mji wa kale, umbali wa kilomita 70 hivi kusini ya Madrid. Umejengwa juu ya mwamba, na mto Tajo unauzunguka pande tatu. Mahali palipo juu kabisa limesimama jengo kubwa la miraba minne, lenye mnara katika kila pembe, nalo Wahispania huliita Alcázar. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufasiriwa sana jina hilo, kwa maana ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi neno kasri. Watawala Waislamu walikaa Toledo tangu karne ya 8 hata mwaka 1085, wakaacha majina yao kama walivyoyaacha katika pwani yetu. Mfalme Carlos wa Tano ndiye aliyeamuru ngome hiyo ijengwe upya katika karne ya 16. Mwana wake, Felipe wa Pili, alikuwa mfalme wa Hispania na wa Ureno pamoja, na chini ya enzi yake Wareno walianza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593. Basi ngome hizi mbili, ingawa bahari na jangwa zimezitenga, ni kazi ya baba na mwana. Lakini siku za vita tunavyovisimulia, kasri la Toledo lilikuwa shule ya maofisa wa jeshi la miguu.

Sababu za vita vile hatuwezi kuzieleza zote hapa. Mwaka 1931 mfalme aliondoka na Hispania ikawa jamhuri. Katika nchi ile wakulima wengi hawakuwa na shamba, na mashamba makubwa ya kusini yalikuwa mikononi mwa watu wachache. Wafanya kazi wa mijini walikuwa na uchungu wa miaka mingi. Na wengi katika hao walilihesabu Kanisa kuwa rafiki wa matajiri. Mwezi wa Mei mwaka ule ule wa 1931 makanisa na nyumba za watawa zilichomwa moto. Mwezi wa Februari 1936 vyama vya mrengo wa kushoto vilishinda katika uchaguzi, na tarehe 17 na 18 Julai sehemu kubwa ya jeshi iliondoka juu ya serikali, kwanza katika Moroko, kisha katika Hispania yenyewe. Hapo nchi ikapasuka vipande viwili. Hata majina ni ugomvi: upande mmoja uliwaita wenzao waasi, nao wenyewe walijiita Wazalendo; upande wa pili walijiita watetezi wa Jamhuri, na adui zao wakawaita Wekundu wote pamoja, aliye mkomunisti na asiye mkomunisti. Sisi tutasema watu wa ngome na watu wa serikali, ili jina lisihukumu kabla ya habari.

Mkubwa wa askari waliokuwapo Toledo wakati huo alikuwa Kanali José Moscardó, mtu wa miaka 57. Hakuwa jemadari mashuhuri. Kazi yake ilikuwa kuongoza shule ya mazoezi ya mwili ya jeshi. Mji ulikuwa na kiwanda cha silaha, na wakubwa wa Madrid wakamwamuru apeleke risasi zote kwao. Kanali hakukataa kwa kinywa. Alidai amri iliyoandikwa, akauliza hili na lile, na muda ukapita. Tarehe 21 Julai alitangaza hali ya vita katika mji, nazo risasi zikaingizwa ngomeni kwa mamia ya maelfu. Jeshi la serikali likafika kutoka Madrid, na siku ya pili yake watu wa Kanali walikuwa wamekwisha kurudi nyuma ya kuta nene za Alcázar.

Waliofungiwa humo ni akina nani? Wanaume wenye bunduki walizidi 1,000. Wengi wao walikuwa askari polisi wa nchi, waitwao Guardia Civil, walioitwa kutoka vijijini, nao walikuja na wake zao na watoto wao kwa sababu waliogopa kuwaacha nyuma. Wanawake na watoto walizidi 500. Tena walikuwamo watu wasiopenda kuwamo: mateka wa upande wa serikali, na kati yao gavana wa raia wa mkoa, Manuel González López, pamoja na jamaa zake. Wasimulizi wa kwanza waliwapita mateka hao mbio sana. Wanafunzi wa shule, ambao magazeti ya dunia nzima yaliwaimba kuwa ndio walioilinda ngome, walikuwa likizoni; waliokuwamo hawakufika hata 10. Sifa waliyopewa vijana wasiokuwapo ilikuwa haki ya polisi wa vijijini, watu wazima wenye familia, ambao hawakuwa na sura ya kupendeza katika gazeti.

Maisha ya ndani yalikuwa magumu. Umeme ulikatika, na maji ya visimani yalipimwa kila siku. Ngano ilipatikana katika ghala iliyokuwa karibu. Watu walitoka usiku kuichukua magunia kwa magunia, wakaisaga kwa kinu kilichozungushwa na injini ya pikipiki. Nyama ilikuwa ya farasi na nyumbu, na mafuta yao yakatiwa katika taa. Wanawake na watoto walikaa katika vyumba vya chini ya ardhi, gizani, na watoto wawili walizaliwa humo. Wafu walizikwa mle mle ndani. Tangu tarehe 26 Julai walipiga chapa kigazeti kidogo kwa mashine ya mkono, nacho kikaitwa El Alcázar. Baada ya vita kikawa gazeti kubwa la Madrid, likaendelea hata mwaka 1987.

Waliowazingia walikuwa wengi, lakini wengi wao walikuwa mgambo wa vyama vya wafanya kazi, wenye moyo na wasio na mafunzo, na kila chama kilisikiliza wakubwa wake. Walipiga bunduki mchana kutwa kutoka nyuma ya magunia ya mchanga. Mizinga ya milimita 155 iliubomoa upande wa kaskazini wa jengo, na eropleni ziliangusha mabomu. Kuta hazikutoa njia. Ndipo serikali ilipowaleta wachimba migodi kutoka Asturias, nao wakaanza kutoboa mwamba kuelekea chini ya ngome. Watu wa ndani waliisikia mashine usiku na mchana. Na tunadhani hakuna hofu iliyo mbaya kuliko hiyo, kusikia kifo kikija chini ya sakafu na kutokujua siku yake.

Tarehe 9 Septemba kulikuwa na kimya kifupi. Meja Vicente Rojo, ofisa wa serikali, aliingia ngomeni akiwa amefungwa macho, kudai wajisalimishe. Aliwahi kuwa mwalimu katika shule ile ile, na maofisa wengi wa ndani walikuwa rafiki zake. Kanali alikataa. Alipoulizwa kama ana haja ya kitu chochote, alijibu kwamba wana haja ya padre, kwa kuwa katika watu wote waliokuwamo hakuwamo padre hata mmoja. Rojo akarudi kwa watu wake. Twapenda wasomaji wetu wakumbuke kwamba Rojo mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kweli, na hakuificha imani yake hata akiwa upande wa serikali. Mwaka ule ule ndiye aliyepanga ulinzi wa Madrid. Mtu akisema kwamba katika vita vile waamini wote walikuwa upande mmoja, aulizwe juu ya Rojo.

Siku mbili baadaye, tarehe 11 Septemba, alikuja Padre Enrique Vázquez Camarasa, kanoni wa Madrid, mhubiri aliyejulikana sana. Silaha zilinyamaza kwa saa tatu. Alisoma Misa katika chumba cha chini ya ardhi, na kwa kuwa muda haukutosha kuungamisha watu mmoja mmoja aliwapa wote maondoleo ya jumla. Aliwapelekea majeruhi Sakramenti Takatifu, na watoto waliozaliwa gizani akawabatiza. Alimsihi Kanali awatoe wanawake na watoto. Yasimuliwa kwamba Kanali alimwita mwanamke mmoja ajibu kwa wote, naye akasema watabaki na waume zao. Basi padre akatoka, na lango likafungwa.

Mtu huyu ametushika moyo kuliko majemadari wote wa habari hii. Upande wa ngome baadaye ulimlaumu kwamba alitumwa na adui ili awavunje watu moyo kwa maneno ya mauti. Upande wa serikali, palipokuwa na watu waliowaua mapadre barabarani, haukuwa mahali pa kukaa kwa amani mtu mwenye kanzu. Alitoka Hispania, wala hakupata tena heshima aliyokuwa nayo, alifia uhamishoni. Lakini watoto wale walibatizwa, na majeruhi walikomunika, kwa sababu yeye alikubali kupita katikati ya bunduki za pande mbili. Hakuna sinema iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Mgodi ulilipuliwa tarehe 18 Septemba, yapata saa 12 na nusu asubuhi. Serikali ilikuwa na hakika sana hata ikawaalika waandishi wa magazeti waje watazame kutoka mbali. Mnara wa kusini-magharibi ulipaa hewani ukaanguka, na sehemu ya ukuta pamoja nao. Mgambo wakapanda juu ya kifusi. Watu wa ndani, waliokuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka upande ule kwa sababu waliisikia mashine, wakatokea katika vumbi wakawarudisha. Walijaribu tena na tena siku ile, wakashindwa.

Wakati huo jeshi la Jenerali Franco, pamoja na Wamoroko wake na kikosi cha askari wa kigeni, lilikuwa likipanda kutoka kusini kuelekea Madrid. Tarehe 21 Septemba lilifika Maqueda, penye njia panda: njia moja yaenda Madrid, nyingine Toledo. Franco akachagua Toledo. Jenerali Kindelán, mkuu wa eropleni zake, alimwuliza kama ajua kwamba huenda akaipoteza Madrid kwa uamuzi huo; naye alijibu kwamba ajua, lakini faida ya moyo ni kubwa zaidi. Tarehe 27 Septemba majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Varela yaliingia mjini. Kanali Moscardó, mwenye ndevu na mavumbi, alimwambia Varela maneno ya desturi ya ofisa atoaye habari za zamu: katika Alcázar hakuna jipya. Alipokuja Franco mwenyewe, tarehe 29, maneno yale yalisemwa tena mbele ya wapiga picha. Waliouawa ndani kwa risasi na mabomu, kwa hesabu zilizo nyingi, hawakufika 100, lakini waliojeruhiwa walikuwa mamia.

Sasa tuje kwenye simu, ambayo tumeiacha nyuma kwa makusudi.

Habari ilivyosimuliwa kwa miaka mingi ni hii. Tarehe 23 Julai, yapata saa 4 asubuhi, simu ililia katika chumba cha Kanali. Aliyesema alikuwa mwanasheria Cándido Cabello, mkuu wa mgambo wa Toledo. Alimwambia kwamba wamemkamata mwana wake Luis, na kama ngome haitolewi katika dakika 10, mwana atapigwa risasi. Kisha akampa Luis simu. Baba akamwambia mwana aiweke roho yake mikononi mwa Mungu na kufa kama shujaa, wakaagana. Na kwa Cabello akasema kwamba muda hauna haja, kwani ngome haitatolewa kamwe. Hapo, katika vitabu vingi, bunduki yasikika katika simu, na Luis, kijana wa miaka 16, anaanguka.

Mtu yeyote wa Hispania aliposikia habari hiyo alikumbuka nyingine. Mwaka 1294 ngome ya Tarifa ilikuwa imezingiwa, na mlinzi wake aliyeitwa Guzmán alionyeshwa mwana wake chini ya ukuta, akaambiwa atoe ngome au mtoto afe, naye hakuitoa. Kila mtoto wa shule aliifahamu hadithi hiyo. Na mke wa Kanali Moscardó kwa jina la ukoo alikuwa Guzmán! Basi wenye mashaka walisema: habari imekatwa kwa kipimo cha nguo ya zamani.

Mwaka 1957, Kanali akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia, mwandishi Mmarekani Herbert Matthews, aliyekuwa Hispania siku za vita, aliandika kwamba mazungumzo yale hayakuwapo kamwe. Sababu zilizotajwa na wenye kukana zilikuwa za namna mbili hasa: waya za simu za ngome zilikuwa zimekatwa, na Luis hakuwa mtoto wa miaka 16 wala hakufa siku ile. Hispania ilifoka. Mjane wa Kanali aliandika, na Matthews baadaye alimwomba radhi. Ugomvi haukwisha. Mwaka 1963 vilitoka vitabu viwili nje ya Hispania, kimoja cha Antonio Vilanova na kimoja cha Mmarekani Herbert Southworth, vilivyoitia habari nzima katika mizani tena. Mwaka 1997 waalimu wa historia Alfonso Bullón de Mendoza na Luis Togores walitoa kitabu kikubwa cha ushahidi ili kuthibitisha kwamba simu ilikuwapo. Jina la kitabu lilitangaza kwamba ugomvi umefika mwisho. Majina ya vitabu hupenda kuahidi mengi.

Sisi tumezipima hoja hizi kama wazee wa baraza wapimavyo shauri la shamba, tukaona hivi. Kwamba simu ilipigwa, twakubali. Waliokuwa pamoja na Kanali chumbani walishuhudia. Na kama waya zilikatwa, nyumba ya kuunganishia simu ilikuwa mikononi mwa mgambo wenyewe, na aliyezima aweza kuwasha. Lakini kwamba Luis aliuawa pale pale, si kweli. Alikuwa mtu mzima wa miaka 24, na aliishi mwezi mmoja zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, baada ya mji kupigwa mabomu na eropleni, mgambo waliwatoa wafungwa wengi gerezani wakawaua kwa kisasi. Katika kundi hilo alikuwamo Luis Moscardó, na pamoja naye José Polo Benito, dekano wa Kanisa Kuu la Toledo, ambaye Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 2007.

Mlio wa bunduki ndani ya simu, basi, uliongezwa, na umri ulipunguzwa. Nani aliongeza, hapana haja ya kumtafuta. Habari iliyopita katika vinywa vingi hushika matope kama gurudumu. Lakini tazameni ilivyofanya. Baba ambaye alimwambia mwana wake afe, kisha akakaa siku baada ya siku ndani ya ngome bila kumwona, huyo ni mtu wa kuhurumiwa na kutetemekewa, hata na mtu anayechukia vita yake. Kijana aliyerudishwa gerezani baada ya maneno yale, akaishi nayo siku 30, kisha akaitwa usiku pamoja na padre mzee, huyo naye. Waliotaka kuikuza habari wakaifanya ndogo, na wakampa adui yao neno: mlisema uongo juu ya saa, basi mmesema uongo juu ya yote. Kwa miaka 40 watu waligombania waya za simu, na makaburi ya usiku ule wa Agosti hayakutajwa sana.

Uko upungufu mwingine, nao ni mzito kuliko ule wa kuongeza, yaani kunyamaza. Tarehe 27 na 28 Septemba, majeshi yalipoingia kuifungua ngome, mgambo majeruhi waliokuwa wamelala katika Hospitali ya San Juan Bautista waliuawa vitandani mwao, na mabomu ya mkono yakatumiwa. Watu wengi wa mji wakauawa bila hukumu katika siku zilizofuata. Waandishi wa magazeti walizuiwa wasiingie mpaka mambo yatulie. Mateka waliokuwa ngomeni vilevile: upande mmoja wasema walikuwa wachache na walitendewa vizuri, upande wa pili wasema walikuwa 100 na zaidi, na kwamba si wote waliotoka hai. Katika chumba cha Kanali, wageni walipokuwa wakitembezwa miaka ya baada ya vita, walionyeshwa simu na maneno ya baba na mwana. Habari za hospitali hazikuwa na ukuta wa kuandikwa.

Hapa Kanisa letu linaguswa, wala haifai tulipite. Tarehe 28 Septemba, Kardinali Isidro Gomá, Askofu Mkuu wa Toledo, ambaye hakuwapo mjini vita ilipoanza, alisema katika redio kutoka Pamplona akishangilia kufunguliwa kwa ngome. Twaweza kumfahamu. Mapadre wake walikuwa wakiuawa kwa makumi. Alipokuja kuhesabu mwisho wa vita, karibu nusu ya mapadre wa jimbo lile walikuwa wamekufa. Kwa Hispania yote, Antonio Montero, aliyekuwa padre alipoandika mwaka 1961 na baadaye akawa askofu, alihesabu 6,832: mapadre na waseminari wa majimbo 4,184, watawa wanaume 2,365, na watawa wanawake 283. Hesabu hiyo imesimama, wala hakuna mtu mwenye haki awezaye kuidharau. Lakini majeruhi wa San Juan Bautista walikuwa wamelala katika hospitali yenye jina la mtakatifu, ndani ya mji wa Askofu Mkuu, na hatuoni kwamba damu ya upande mmoja yaweza kutumiwa kufutia damu ya upande wa pili.

Ugomvi wa mwisho ni wa njia panda ya Maqueda. Wapo wasemao Franco aliifanya kazi ya heshima: hakuwaacha watu wake wafe. Wapo wasemao aliitaka ngome kwa ajili ya jina lake. Tarehe zenyewe zasema kitu. Tarehe 27 ngome inafunguliwa; tarehe 28 majenerali wanakutana na kumchagua kuwa mkuu wa serikali; tarehe 1 Oktoba anashika madaraka, asiyaache hata kufa kwake mwaka 1975. Madrid kwa upande wake ilipata muda wa kuchimba mahandaki na kupokea silaha za Urusi na askari wa kujitolea wa mataifa mengi. Jeshi lilipoifikia mwezi wa Novemba halikuweza kuiingia, na vita vikaendelea hata tarehe 1 Aprili 1939. Sisi twadhani sababu zote mbili zaweza kukaa katika moyo wa mtu mmoja, na kwamba yeye mwenyewe labda hakujali kuzitenga.

Jengo lilitengenezwa upya baada ya vita, na tangu mwaka 2010 ni makumbusho ya jeshi. Walimu wanaotaka kufundisha habari hii waanze na ramani ya mto na mwamba, kisha wawape wanafunzi tarehe mbili, 23 Julai na 23 Agosti, wawaulize ni nini kilichopita katikati. Watoto wataona upesi.

Tena wawaambie habari za Restituto Valero. Alikuwa mwana wa mmoja wa watetezi, naye alizaliwa ndani ya ngome siku za kuzingiwa. Alikua akawa mwanajeshi kama baba yake, akafika cheo cha kapteni katika askari wa miavuli. Mwaka 1974 maofisa wachache walianzisha kwa siri chama cha wanajeshi waliotaka Hispania irudi katika utawala wa kuchaguliwa na watu, na Kapteni Valero akaingia. Mwaka 1975, Franco akiwa bado hai, alikamatwa pamoja na wenzake. Walihukumiwa mwaka 1976 na kufukuzwa jeshini. Ilipita miaka 10 kabla ya sheria kuwarudishia haki yao, mwaka 1986.